Masikio ya Nwazeti

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa nimezeeka na mambo mengine mengi ya ujana wangu yamekwisha kufutika. Nakuandikia kama ninavyosema, maana sikufundishwa namna nyingine. Shule nilikaa miaka miwili tu, baba akafa, nikatoka. Sioni haya. Wenye diploma wanakuja hapa Makiso, katikati ya mji, kuniinamishia vichwa vyao kila Jumamosi, na wakinyanyuka kitini wananishukuru. Saluni ile yenye vioo vinne niliijenga mwenyewe. Lakini kabla ya kunyoa watu wakubwa wa mji huu nilikuwa mtunza farasi. Ndiyo, farasi. Usicheke bado, utacheka mbele.

Wakati wa Wabelgiji, wazungu wa hapa Kisangani walikuwa na kilabu yao ya kupanda farasi, pembeni mwa mji, kwenye njia ya kwenda mto Tshopo. Banda la farasi tuliliita ekuri, kama walivyoliita wenyewe. Sisi watu wa mto tulikuwa hatujazoea mnyama yule. Kwetu Yanonge mtu akiota farasi, asubuhi anaulizia maana yake. Mimi nilifika mjini na miaka kumi na tisa, na tondezi yangu, ile mashine ya mkono ya kunyolea, nimeifunga ndani ya kitambaa. Nilikuwa nanyoa wapakiaji wa bandarini, na nilikuwa najivuna. Papa Sefu aliniona siku moja nikimnyoa mtu aliyekuwa anakohoa, bila kumkwaruza hata mara moja, akaniambia, "Mukono yako iko mwepesi. Kuja kesho ekuri."

Huyu Papa Sefu ndiye mtu wa habari hii, pamoja na jike mmoja wa farasi. Alikuwa mfupi, Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walifika hapa na wafanyabiashara wa mashariki. Alikuwa ametunza farasi tangu ujana wake. Wazungu walisema wao ndio waliomfundisha. Yeye hakubisha, alicheka tu na kuendelea kusugua kwato.

Siku ya kwanza nilipochomoa tondezi yangu aliniambia niirudishe mfukoni. Akanionyesha. Nywele za shingo za farasi hazinyolewi kama za mtu, zinanyofolewa. Unamfanyisha mnyama kazi kwanza, mpaka ngozi ipate joto na kulegea. Kisha unashika nywele chache, zile ndefu, zingine unazirudisha juu kwa kitana, na zile zilizobaki vidoleni unazizungusha kwenye kitana na kuvuta mara moja. Chache, chache. Ukivuta fungu zima atakuweka rohoni. Nyuma ya masikio tu, pale mshipi wa hatamu unapolala, ndipo unaruhusiwa kukata, upana wa vidole viwili. Na masikio yenyewe unayashika taratibu, unakutanisha kingo zake mbili kama mwanamke anayefunga jani la chikwange, ule mkate wa muhogo, halafu zile nywele zinazochungulia nje ndizo unazipunguza. Ukiachia, sikio linafunguka, na ndani mumejaa nywele kama zamani.

"Ya ndani hapana kugusa," aliniambia.

"Kwa nini, Papa?"

"Kwa sababu iko ya ndani."

Sasa hilo, mwanangu, nalo si jibu. Nilimheshimu yule mzee, lakini jibu lile lilinikaa kooni miaka minne.

Uhuru ulipofika tulicheza siku tatu. Mimi nilicheza mpaka soli ya kiatu kimoja ikabaki barabarani. Wiki chache baadaye wazungu walianza kuondoka, na Madamu mmoja akaja ekuri, motokaa yake ikiwa inanguruma nje. Alimshika Papa Sefu mkono, akatia ndani yake kamba ya jike wake wa rangi ya kahawia, akalia, akaenda. Jike yule jina lake lilikuwa Noisette. Sisi tulisema Nwazeti. Farasi wengine walimalizika mmoja mmoja, maana mbung'o wa misitu yetu hawana huruma na farasi. Akabaki yeye peke yake. Papa Sefu alimzoeza kuvuta mkokoteni, tukawa tunabeba magunia ya mpunga kuyapeleka kinuni na mchele kuuleta bandarini. Nyumba ya Papa Sefu ilikula kwa mgongo wa Nwazeti, nami pia, maana Mama Zaina, mke wake, alinipakulia lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki kila mchana kana kwamba amenizaa.

Nami nilimpenda yule mnyama. Asubuhi nilipofungua mlango alikuwa anapuliza pumzi ya moto shingoni kwangu, kutafuta ndizi niliyoificha ndani ya shati.

Kisha likaja jambo la uasi. Waasi waliingia mjini wamevaa majani kichwani, wengine watoto kuliko mimi, na wote wana dawa yao ya kujikinga na risasi, ambayo iliwakataza hili na lile. Yale niliyoyaona wakati ule mengine sitayaandika. Nitaandika ya farasi tu.

Ile Ijumaa asubuhi, ajida wao mmoja, askari mwenye cheo, alifika ekuri. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya banda. Alitangaza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, si kesho, ile nyingine, komanda wake atapita mbele ya watu wote juu ya farasi, kama wakubwa wa nchi zingine. Tumtayarishe mnyama.

"Atakuwa tayari," Papa Sefu akasema.

Kabla ya adhuhuri mzee alivaa kanzu yake kwenda kuswali. Mlangoni akageuka.

"Boni, mwache apumuzike. Kichwa yake usiiguse mpaka nirudi."

Nilisema ndiyo. Lakini ndani ya chumba cha matandiko kulikuwa na picha ambayo Madamu aliiacha ukutani. Ilikuwa picha ya farasi wa mashindano, ana utepe kifuani, nywele za shingo zimenyolewa zikabaki kama burashi, na masikio yake ni safi ndani, ngozi tupu, unaweza kuona mpaka kwenye kina. Nilikuwa nimeitazama picha ile miaka minne. Nikajisemea, Papa Sefu ni fundi, sikatai, lakini ni fundi wa zamani. Sasa tuna uhuru, mji mzima utamwona farasi huyu, na watu watauliza, nani amemtengeneza? Watajibiwa, ni Bonifasi, yule kijana wa Yanonge. Nilitaka hilo, mwanangu. Nisidanganye kwamba nilifanya kwa ajili ya farasi.

Nikachukua tondezi.

Kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakukataa. Alinijua. Alilegeza mdomo wa chini, macho akayafumba nusu, akasinzia mikononi mwangu. Shingo niliimaliza upesi, nikaona kazi inapendeza. Nikashika sikio la kushoto, nikaliinamisha, nikaingiza ncha ya mashine. Zile nywele laini za ndani zilianguka kama manyoya ya kifaranga. Nikafanya na la kulia. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikamtazama, nikapiga mluzi. Kama kungekuwa na kioo ningemwonyesha, kama ninavyowaonyesha wateja.

Papa Sefu alirudi na tasbihi bado iko mkononi. Alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nangoja sifa.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea, maana mdomo nilikuwa nao. Alichukua ndoo, akaigeuza chini juu kando ya kichwa cha Nwazeti, akaniambia, "Kaa."

Nikakaa.

"Kila mara atatikisa kichwa, hesabu. Saa kumi na moja nitakuja, utaniambia iko ngapi."

"Hesabu ya nini, Papa?"

"Weye hesabu. Si uko na akili?"

Saa nane ilikuwa mara chache tu. Nikafikiri mzee anataka kunitia aibu bure. Mvua ikanyesha kidogo, ikakatika, jua likarudi na mvuke, na kutoka majanini wakaja visubi, wale wadudu wadogo kabisa ambao humwona mtu kabla yeye hajawaona. Walikwenda moja kwa moja masikioni. Hakukuwa na kitu cha kuwazuia, nilikuwa nimewafungulia mlango. Nwazeti alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Akasugua sikio kwenye nguzo, akapiga mguu chini, akaanza kukoroma kwa hofu. Nilifika mia mbili na kitu, nikapoteza hesabu. Nilipotaka kumfukuzia wadudu kwa mkono, alirusha kichwa juu na kuniangalia kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake. Jicho la kumwangalia mgeni.

Papa Sefu alipokuja sikuwa na namba.

"Ni nyingi," nikamwambia.

"Bon," akasema. "Sasa nimekuambia kwa nini." Halafu akakaa chini kwenye majani makavu, akavua kofia yake, na sauti ikampungua. "Nilipaswa kukuambia ile siku ya kwanza. Kosa yangu iko pale. Lakini mukono, Boni, mukono iko yako."

Usifikiri mambo yaliishia hapo. Jumapili masikio yalikuwa yamevimba na kutoa maji, na vile vinywele vilivyobaki vilikuwa vinamchoma kama ndevu za siku mbili. Jumatatu ajida akarudi na miwani yake, akataka kuona hatamu ikivalishwa. Papa Sefu alimwomba angoje siku chache. Hakungoja. Aliichukua hatamu mwenyewe, akaipitisha juu ya kichwa na kuyavuta masikio katikati ya kamba kwa nguvu, kama mtu anayevaa shati la kubana.

Nwazeti alisimama kwa miguu ya nyuma. Ajida alikwenda upande mmoja na miwani upande mwingine, na yeye akakaa katikati ya mavi mabichi. Papa Sefu aliyekimbilia kumshika mnyama alikanyagwa mguu, tukasikia mlio wa mfupa.

Hakuna aliyecheka. Ajida aliinuka taratibu, akajifuta.

"Nani amemunyoa huyu?"

Mwanangu, nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili tu. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni. Nilifikiri bunduki yake, nikafikiri mama yangu Yanonge, na ulimi haukuinuka.

"Ni miye mukubwa wa ekuri," Papa Sefu akasema, amekaa chini, anashika mguu wake. "Kila kitu ya hapa iko yangu."

"Alors sikia, muzee. Jumamosi komanda anapanda. Kama huyu mpunda anakataa hatamu tena, askari wangu hawajakula nyama tangu wiki mbili. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Alipoondoka nililia. Papa Sefu aliniambia niache kulia, niende kuchemsha maji na kutia chumvi.

Basi zikabaki siku tano. Mzee alikuwa na mguu uliofungwa kwa vijiti, anaruka kwa fimbo, lakini kila asubuhi na kila jioni alikuwa mbele ya kichwa cha yule jike. Siku ya kwanza hakumgusa. Alisimama tu upande wa kushoto, mahali anapoonekana, akimsomea sijui dua sijui hadithi, kwa sauti ileile moja. Siku ya pili alimgusa bega, akapanda mpaka nusu ya shingo, akaacha. Mimi niliambiwa nikae mbali na kichwa. Nilikuwa nabeba maji, nasafisha banda, napika dawa. Mafuta ya kokwa za mchikichi ndiyo yaliyokuwa dawa, yakipakwa kwa manyoya ya kuku ili mkono usikaribie sana. Yalituliza mwasho, lakini visubi hawakukoma kuja.

Ni Mama Zaina aliyepata akili ya kuwakomesha. Unajua wake za Waislamu wa hapa hufuma kofia za waume zao kwa mkono, zile nyeupe zenye vitundu, na yeye alijulikana kwa kazi hiyo mpaka ng'ambo ya mto. Jumatano alikuja na chakula, akamtazama Nwazeti akijipiga kichwa kwenye nguzo, akauliza, "Huyu anateseka na masikio tu?"

"Masikio tu," Papa Sefu akajibu.

"Na wanaume wawili mumekaa hapa munatazama? Sefu, weye nywele zilikwisha zamani, nilikufanya nini?"

"Ulinifumia kofia."

"Voilà."

Akatoa uzi na sindano yake ya kufumia, akakaa papo hapo juu ya ile ndoo yangu. Alipima kwa macho, maana mnyama hakukubali kupimwa. Alhamisi mchana alikuwa amemaliza kofia mbili, ndefu, zenye ncha, nyembamba kama vifuko vya karanga, zimeunganishwa katikati kwa utepe mpana unaolala juu ya paji la uso. Vitundu vyake vilikuwa vidogo kiasi kwamba upepo unapita lakini kisubi hapiti. Pembeni alikuwa ameweka hata maua, yaleyale aliyokuwa akimfumia mume wake kwa sikukuu.

Kumvalisha kulichukua mchana mzima, na aliyeweza ni Mama Zaina. Pengine kwa sababu hakuwa na harufu ya mashine. Alimwimbia nyimbo za kulazia watoto, akampa ndizi, akateleza kofia kwenye sikio la kushoto, akaitoa, akairudisha, akaitoa, mpaka Nwazeti mwenyewe akachoka kuogopa. Wadudu walipokuja saa kumi na moja waligonga uzi na kurudi. Yule jike alisimama kimya. Baada ya muda mrefu alishusha kichwa, akashusha pumzi ndefu, na mdomo wa chini ukalegea.

Ijumaa Papa Sefu alifungua mabizimu yote ya hatamu. Badala ya kuipitisha juu ya masikio, aliizungusha nyuma yake na kufunga upande, bila kugusa kofia. Nwazeti akakubali.

Jumamosi wakaja. Komanda alikuwa kijana mwembamba, labda miaka thelathini haijafika, shingo imenyooshwa na kola ya koti. Nyuma yake ajida, na nyuma ya ajida askari wengi, na barabarani umati ulikuwa unangoja. Walipomwona Nwazeti na zile kofia zake za maua, mmoja wa askari akapaza sauti, "Ee! Mpunda amesilimu!" Wakaangua kicheko, hata komanda akatabasamu. Halafu nikamwona akimkaribia Papa Sefu na kuuliza kwa sauti ndogo, ajida asisikie, "Papa, huyu anauma?"

"Hapana, Papa Komanda. Anaogopa tu, sawa siye wote."

Akapanda, baada ya kujaribu mara tatu. Nwazeti akatulia. Lakini sasa alihitajika mtu wa kumwongoza mjini kwa kamba, na Papa Sefu kwa mguu ule asingefika hata kona ya kwanza. Komanda akanionyesha kidole.

"Weye kijana, shika kamba."

Mwanangu, nilipiga hatua moja tu. Nwazeti aliniona. Kichwa kikapanda, macho yakatoka, na komanda juu kule akashika nywele za shingo ambazo hazikuwepo, maana nilizinyoa. Nikajua. Nikishika kamba ile, komanda anaanguka mbele ya mji mzima, na jioni Nwazeti yuko sufuriani. Na nikisema, watu wote wale watanijua mimi ni nani.

Nikarudi nyuma.

"Siwezi, Papa Komanda. Ni miye nilimunyoa masikio. Mzee alinikataza, nikafanya. Ananiogopa miye, si mutu mwingine. Jumatatu ni miye nilipaswa kusema, nikanyamaza, mzee akabeba."

Ajida alianza kuja upande wangu. Papa Sefu akaweka fimbo yake mbele yangu, kama anajiegemeza tu.

"Donc nani atamwongoza?" komanda akauliza. Alitaka kuonekana na watu wale, na watu wale walikuwa wanangoja.

"Miye," akasema Mama Zaina.

Ajida aliruka. "Jamais! Mwanamuke hapana kukaribia komanda! Dawa itaharibika!"

"Nitamugusa komanda? Nitamugusa farasi."

"Na farasi anagusa komanda!"

Askari wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kwa dhati kabisa, kama mguso wa mwanamke unapita ndani ya farasi au haupiti. Mmoja alisema ngozi inazuia, mwingine akasema jasho linapitisha. Mama Zaina akaifungua kamba yote, akarudi nayo nyuma mpaka mwisho wake.

"Iko mita tatu," akasema. "Dawa yako, mwanangu, hata mita tatu inashindwa?"

Komanda akacheka, na kicheko chake kikawaamuru wengine. "Bon. Mita tatu. Na huyu kinyozi," akanigeukia, "kama mbele ya farasi hawezi, akae nyuma. Mupe koleo."

Hapa ndipo ucheke, mwanangu. Nilipita mji wote, barabara zote za katikati hadi bandarini, kikapu begani na koleo mkononi, nikizoa mavi ya Nwazeti. Wapakiaji wote niliowanyoa walikuwa wamepanga mstari. "Ndeko Boni, ndugu yetu! Leo unanyoa barabara?" "Boni, na hapa kushoto umeacha kidogo!" Msichana mmoja wa Isangi niliyekuwa nampelekea salamu kila Jumapili baada ya misa alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nwazeti alitembea mbele, kichwa chini, masikio ndani ya kofia, komanda wima juu yake kama mshumaa, na Mama Zaina mita tatu mbele yao, kitenge chake kimefungwa vizuri, anatazama mbele tu kama anakwenda sokoni. Mtu aliyeuliza nani alimtengeneza farasi alijibiwa, ni mama yule.

Na unajua, nilikuwa na furaha. Nilizoa mavi na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku zote zile tano.

Uasi ulipita, kwa namna mambo yalivyopita siku zile. Nwazeti alibaki, akarudi kwenye mkokoteni wake. Nywele za masikio ziliota tena taratibu, na kofia zikatundikwa msumarini. Lakini mimi hakunitaka. Papa Sefu aliniambia nisimlazimishe wala nisimhonge kwa ndizi. Nilimsugua kuanzia bega kwenda nyuma tu, na kila asubuhi nilisimama kidogo upande wake wa kushoto, mikono ikionekana, kisha nikaenda kazini. Miezi. Kuna siku nilichoka nikasema moyoni, mnyama huyu hana shukrani. Halafu nilikumbuka ni nani anayepaswa kushukuru.

Asubuhi moja baada ya kupakua mpunga, amepata joto, jasho linamtoka, nilikuwa nafungua mkanda wa tumbo. Akageuka. Akaja na uso wake wote, akauweka kifuani kwangu, akasugua juu na chini kama alivyofanya zamani, mpaka sikio la kushoto likawa chini kabisa ya kidevu changu. Liko wazi, lina nywele zake laini. Lilikuwa na joto. Mikono yangu niliiacha inaning'inia.

Papa Sefu alikuwa mlangoni, sikujua.

"Usiguse," akasema kwa sauti ndogo.

"Sigusi, Papa."

Akatutazama.

"Bon," akasema. "Sasa unajua kunyoa."

Basi hili ndilo nililotaka kukuambia, mwanangu, na wewe unayeanza kazi yako, iwe ya mkasi, iwe ya kalamu, iwe ya kuoa binti wa watu wengine aliyelelewa kwa namna yao. Utakuta mahali pa watu kitu kinachoonekana uchafu, au ushamba, au kazi ya bure. Usikikate kwa sababu umeona picha ukutani. Uliza kwanza kinafanya kazi gani, na yule unayemuuliza akikujibu vibaya, kama mzee wangu alivyonijibu, muulize tena kesho. Nanyi mlio wakubwa, mkiulizwa kwa nini, jibuni. Jibu moja zuri lingemwokoa Nwazeti na mguu wa mtu.

Ukiharibu, na utaharibu, sema mwenyewe, tena mapema, kabla mwingine hajakanyagwa kwa ajili yako. Mimi nilichelewa siku tano, na Papa Sefu alichechemea mpaka alipozikwa. Hakunikumbusha hata siku moja, ndiyo maana nakumbuka kila siku. Na yule uliyemuumiza usimpimie muda. Usimwambie yameisha. Simama mahali anapoona mikono yako, fanya kazi yako, ngoja. Akija, shukuru, na usinyooshe mkono kudai zaidi.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioogopa. Akupe mzee wa kukukataza na mama wa kukutafutia njia. Akuweke salama katika mji huu, wewe na nyumba yako, na siku ukipewa koleo mbele ya watu, akupe kulishika ukicheka. Amina.